Kanga Juu ya Mashine

Kwa wiki tatu niliamkia maneno mekundu. Nilikuwa nafika ofisi ya kikundi cha wakulima wa mboga pale Soni, navua koti lililoloa ukungu, nafungua laptopu, na kabla sijakaa vizuri yananitokea: muunganisho na hifadhidata umekataliwa. Mwanzoni niliogopa. Baadaye nilikasirika. Mwishowe nilichoka tu, ule uchovu wa kutotaka hata kunywa chai.

Mfumo wenyewe haukuwa na makuu. Wakulima wanaleta kabichi na karoti, na lori linaloshuka Mombo haliwezi kubeba zote siku moja. Kwa hiyo kuna zamu. Miaka yote zamu iliandikwa kwenye daftari, na miaka yote watu waligombania daftari hilo, nani kafutwa, nani kasogezwa juu. Mimi nilikuwa nimemaliza kozi ya miezi minne ya kutengeneza tovuti, nikatengeneza ukurasa ambao kila mtu angeusoma mezani kwa karani na hakuna ambaye angeufuta kwa siri. Majina yalihifadhiwa kwenye hifadhidata, ndani ya kompyuta yangu ya zamani niliyoiweka stoo, nyuma ya ofisi. Ukurasa ukifunguliwa unakwenda kuuliza huko. Usipojibiwa hakuna zamu, na kabichi zinanyauka uani huku wenyewe wakinitazama.

Aliyenisemea ni baba. Alisimama mbele ya wanachama, yeye asiyependa kusimama mbele za watu, akasema, "Huyu mwanangu kazi anaijua. Kama mnaniamini mimi, mwaminini na yeye." Kwetu ukimsemea mtu umeweka uso wako pale. Walikubali tujaribu mpaka mkutano wa mwezi uliofuata. Kwa hiyo yale maneno mekundu hayakuwa yananikataa mimi peke yangu.

Nilihangaika kama wanavyohangaika wote wanaoanza. Siku moja nilibadilisha neno la siri, nikaiwasha upya programu ya hifadhidata kama maelekezo yalivyosema, ikakubali. Nikaandika kwenye karatasi: tatizo ni neno la siri. Kesho yake ikakataa. Nikabadilisha anwani ya mashine, nikaiwasha upya programu, ikakubali. Nikaandika: tatizo ni anwani. Kisha nikalaumu waya, nikalaumu ukuta wa usalama wa kompyuta, nikaufuta ukurasa wote na kuuandika tena. Karatasi ilijaa dawa na mgonjwa ni yule yule. Kulikuwa na siku mbili tatu ambazo aliamka mzima bila mimi kumgusa, na hizo ndizo zilizonichanganya zaidi.

Nilimuuliza karani, mama mtu mzima aliyekaa ofisini humo tangu nikiwa shule ya msingi.

"Shikamoo mama. Mchana nikiwa sipo, kuna mtu anaingia stoo?"

"Marahaba mwanangu. Humo hakuna mgeni anayeingia," alisema, akageukia birika lake.

Saa sita mchana huwa naondoka kwenda Lushoto, kwenye duka ninakochapa barua za watu. Siku moja kabla ya mkutano sikwenda. Nilibaki nimeinamia meza, sina tena cha kubadilisha. Kwenye saa tisa mawingu yakashuka, ngurumo zikaanza. Karani akautoa ufunguo wa stoo msumarini, akauweka mezani.

Baba akaingia. Alikuwa amejifunika gunia kichwani, anahema, na mabuti yake yenye tope aliyaacha mlangoni.

"Kumbe upo," alisema.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Subiri kwanza, radi hii itaichoma mashine yako."

Akachukua ufunguo, nikamfuata. Alichomoa waya wa umeme kwenye soketi kwa vidole viwili. Kisha akatoa mfuko wa plastiki kwapani, na ndani yake kanga ya mama, akaifunika kompyuta vizuri hadi chini. Nyumbani ndivyo tulivyolelewa: ikinguruma redio inachomolewa, kioo kinafunikwa kanga, watoto wanakaa kimya. Mimi mwenyewe nimewahi kushika ncha za kanga hiyo. Ningejiuliza mara moja tu mashine inakuwaje radi zikipiga, ningekuwa nimemaliza kazi wiki ya kwanza.

Tulisubiri. Mvua ilipohamia upande wa pili akaikunja kanga, akarudisha waya, akabonyeza kitufe. Taa ya kijani ikawaka, naye akatabasamu.

"Kila ikinguruma nakimbia kutoka shamba," alisema. "Sijakosa hata siku moja."

Alipoondoka nilimtazama karani. "Sasa ningemshtaki baba yako kwako?" aliniuliza. Nikarudi kwenye laptopu.

Mashine ilikuwa inawaka, lakini programu ya hifadhidata ilikuwa imelala ndani yake, kwa sababu sikuwahi kuiagiza iamke pamoja na mashine. Ni agizo la mstari mmoja, tulifundishwa mwanzoni kabisa. Nililiandika kwa nusu dakika. Kumbe kila asubuhi kilichomponya mgonjwa ni kule kuiwasha upya programu, na siku alizoamka mzima ni zile ambazo jana yake haikunguruma. Niliona aibu, na nilimpenda baba kiasi cha kunitia uchungu.

Kwenye mkutano ukurasa ulifunguka mara moja. Hakuna aliyeshangilia.

"Leo imekubali," mwenyekiti alisema. "Na kesho? Hebu tueleze, tatizo lilikuwa nini hasa?"

Baba alikaa benchi la pili, kofia yake magotini, ananitazama mimi. Ningesema mashine ilikuwa inazimwa, wangeuliza nani anaizima, na karani anayejua alikuwa amekaa pale pale.

"Kosa ni langu," nilisema. "Nilisahau kitu cha mwanzo kabisa."

Ulikuwa ukweli. Mzee mmoja nyuma akasema, bila ubaya wowote, "Basi kazi hujaijua bado." Wakarudisha daftari. Walipokuwa wanatoka walimpita baba bila kumsemesha.

Tulipanda mlima kurudi nyumbani, yeye amebeba kompyuta begani, imefungwa ile kanga. Nilimwomba anipe nibebe, akakataa. Tulipofika kwenye kona ya kwanza nikamwambia anisamehe, nimemwaibisha. Alinijibu kwa Kishambaa kwamba niachane na hayo, akaihamishia kompyuta bega la pili, kisha akasema kwa Kiswahili, kama mtu anayetoa taarifa ya kikao:

"Lakini radi haikuigusa."

"Haikuigusa, baba," nilisema.