Pombe ya Posa Kwenye Gari la Samaki

Jamani, aibu niliyoipata Kibondo siku ya posa yangu nimeificha vya kutosha, leo naitema, chekeni mmalize.

Mimi naendesha gari la friza, naleta samaki Kasulu, kwa hiyo kwenye mambo ya baridi nilijiona profesa. Mama akanitengenezea madumu manne ya pombe ya ndizi, akaziba midomo kwa majani ya mgomba, akasema, “Tafuta pikapu, ipate hewa.” Pikapu! Juani! Pombe ya kumposea Neema ichachuke njiani? Nikayapakia kwenye friza tangu jana yake, nikawasha baridi ileile ya samaki (mkono ulizoea, akili ilikuwa kwa Neema).

Sasa kwetu Waha neno la posa halitoki mpaka mkubwa wa ukoo wa binti aonje pombe. Tulipofika, baba mkubwa wake Neema, ndiye mkubwa wao, akachomeka mrija kwenye dumu. Ko! Akachomeka tena. Ko! Akanitazama, akaniita mwanangu kwa Kiha. “Mwana wanje, mmetuletea jiwe?”

Nikachungulia dumu mbele ya wakwe: barafu tupu. Madumu yakatolewa juani, na sisi wote, wazee wa pande mbili, tukakaa tukiyangoja yayeyuke, maana bila kuonja hakuna la kuongea. Neema alikuwa anachungulia dirishani, sikuthubutu kumwangalia.

Saa nane yakaanza kutoka matone. Baba mkubwa akakinga kibuyu, akanywa, macho yakamtoka. “Hii ndiyo pombe!” Kumbe kinachotangulia kuyeyuka ndicho chenye ukali wote, mimi profesa sikujua. Kibuyu cha tatu akalala chali, hajatamka neno la posa. Wenzake wakagawiwa iliyobaki, maji matupu.

Baba yake Neema akasimama. “Mmemlevya kaka yangu, sisi mnatunywesha maji? Nendeni!”

Tulikwenda. Njia nzima nililia nikiwa nimeshika usukani, nikijua Neema ndiyo basi.

Wiki tatu za kuombana radhi ndipo tukaitwa tena. Safari hii nilikaa nyuma ya pikapu juani, dumu nimelipakata, povu linanimwagikia suti, na nimeapa friza na pombe havitakutana tena mikononi mwangu. Baba mkubwa akaonja. Akachungulia dumuni, akaonja tena.

“Posa tumeipokea,” akasema, “ila mwana wanje, ile ya kwanza haikubaki hata kidogo?”