Kitenge Juu ya Kaburi la Kale

Aibu niliyoipata kule kwenye nyika ya juu ningependa kumsingizia mwingine, lakini mwenye digrii ya historia katika gari lile nilikuwa peke yangu.

Maman Sifa, jirani yangu hapa Ixelles, Ubelgiji, alifiwa na mama yake Bukavu, na kwa kuwa vibali vyake vilikuwa havijatoka hakuweza kwenda kuzika. Tangu hapo akajifungia ndani, kwaya haji, hata kwenye maduka ya Chaussée de Wavre kununua sombe, kisamvu chetu, haendi. Nikaona nimtoe. Nikampakia garini pamoja na wanakwaya wawili, nikawaahidi kaburi la mawe la watu wa kale (nilisema "néolithique" mara nyingi kuliko ilivyohitajika).

Tulitembea kwenye matope na upepo, nisilione. Wenzangu wakataka tuulize njia. Nikakataa, msomi haulizi, tule kwanza. Palikuwa na rundo la mawe zuri la kukalia, na mbele yake kimeza kilichoinama kidogo, nikakitandikia kitenge, tukaweka sombe na bugali, nami nikaendelea na mhadhara, mguu juu ya jiwe, mkono mmoja ukizuia sufuria isiteleze, mwingine ukionyesha mbali kwamba kaburi lazima liko kule.

Wakatokea watembeaji, wazee wa Kibelgiji, na bibi mmoja akaniomba kwa adabu nisogeze chakula ili wasome maelezo. Nikainua kitenge. Chini yake palikuwa na mchoro wa rundo lile lile, na mifupa ndani yake.

Wanakwaya waliruka kama wamekalia siafu. Nilitamani ardhi inimeze, ila mle ndani mlikuwa na mwenyewe. Maman Sifa hakuinuka, nami nikajua nimeharibu: nimemleta mfiwa kula juu ya maiti, leo atafunga mlango moja kwa moja.

Akaweka kiganja juu ya jiwe.

"Papa Déo, donc huyu muntu balimuzika hapa?"

Nikasema ndiyo, maman, nisamehe.

"Bon. Basi tuko ku matanga. Ku matanga batu banakulaka."

Akampakulia yule bibi sombe, kisha akaanza wimbo wa mama yake, na katikati akalia, kwa mara ya kwanza, bibi amemshika bega, sahani mkono wa pili.

Jumapili iliyofuata alirudi kwaya. Mimi sasa nauliza njia hata ya kwenda Auderghem, ninakokujua. Lakini namshukuru yule marehemu tuliyemwingilia bila hodi. Nadhani naye alikuwa hajapata wageni wa matanga siku nyingi.