Chandarua cha Mgeni

Mtaa mzima ulimwita Mama Chandarua, na yeye hakukasirika hata siku moja. Akasirike kwa lipi? Jina lenyewe alilitolea jasho. Kila chuo kilipopokea wanafunzi wapya kutoka nchi za baridi, ofisi ya wageni ilimtumia gari, naye hupanda mbele, kilemba kipya kichwani, shingo imesimama, akihakikisha majirani wote wamemwona kabla dereva hajawasha.

Ukumbini alikuwa mtu mwingine kabisa. Huvua viatu, akapanda kitanda cha maonyesho, na vijana wale ambao jua la siku mbili tu limeshawabambua pua wanabaki kumtolea macho.

"Wanangu," huanza, "msidanganyane. Huku mtu hauawi na simba. Simba mtamwona kwenye picha. Huku mtu anauawa na kidudu kisichojaa hata kwenye ukucha."

Basi hapo huwafundisha. Maji yachemke mpaka yatokote, siyo yapate uvuguvugu ukaridhika. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Nguo iliyoanikwa nje ipigwe pasi, hata chupi, maana kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na yakianguliwa kwenye makalio ya mtu hapo hakuna mwenye cheo. Vijana hucheka mpaka wanashika matumbo. Halafu anakunjua chandarua na sauti inabadilika.

"Chandarua kuukuu, kilichofuliwa mpaka dawa imekwisha, huo ni wavu wa samaki. Ukilala humo umejiandaa mwenyewe mezani."

Makofi! Mama hushuka kitandani kama bibi harusi.

Baada yake husimama bibi wa ofisi ya wageni, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, kuwafundisha adabu ya kukaa kwenye nyumba za watu. Ukipewa kitu na mwenyeji wako, pokea, shukuru, usikatae. Kukataa ni kumtukana. Wenyeji nao walishaambiwa lao: chumba cha mwanafunzi ni chake, ana ufunguo wake, atafagia mwenyewe, msiingie. Mama Chandarua aliyajua hayo yote kwa moyo, na hakuna nyumba iliyoyafuata kama yake. Chumba cha mbele, chenye feni na wavu wa waya dirishani, kilikuwa cha wageni miaka na miaka. Mumewe, fundi saa, aliyeshinda dirishani kioo kimebanwa jichoni, alishakubali kwamba katika nyumba ile yeye ni wa pili baada ya mtu yeyote mwenye sanduku.

Sasa mwaka ule akarudi nyumbani mziwanda wao. Alikuwa fundi cherehani, ameolewa na mjenzi wa barabara ambaye kazi ilimpeleka mbali, na alikuwa na mimba. Siyo mimba ya hivi hivi, jamani. Ilikuwa mimba ya kungojewa, ya kuombewa, mimba ya mwanamke ambaye mawifi walishaanza kumwita mti mkavu akiwa papo hapo anasikia. Alikuja na cherehani yake, na begi, na chandarua kipya alichopewa zahanati, bado kinanuka dawa, kimepigwa muhuri wa bluu pembeni. Wauguzi walimwambia asiache kulala ndani yake hata usiku mmoja.

Mama alifurahi, msimsingizie. Alimkumbatia, akampapasa tumbo, akalia kidogo. Akampa chumba cha nyuma, kinachopakana na mfereji wa maji machafu, maana cha mbele kilikuwa kinamsubiri mgeni.

Asubuhi ya ukaguzi ndipo mambo yalipoharibika. Bibi wa ofisi alikuwa anakuja kutazama chumba, na Mama alipotoa chandarua cha wageni kabatini akakuta mwanafunzi aliyepita alikiunguza kwa mshumaa. Tundu la kupita paka! Mhuni yule alikikunja vizuri akaondoka na tabasamu lake. Na gari hilo hapo linapiga honi kona ya barabara. Mama alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akapanda kiti, akaanza kufungua kamba.

"Mama, hicho ni cha zahanati," mziwanda alisema. "Nimepewa kwa ajili ya mtoto."

"Najua, mwanangu. Ni leo tu. Akishaondoka yule bibi nakurudishia."

Bibi wa ofisi alikipapasa, akakinusa, akatingisha kichwa kwa kuridhika. "Ndiyo maana tunakuita mwenyeji wa mfano," alisema. Kisha akageuka mlangoni akamwita mtu. Kumbe alikuja naye kabisa! Msichana mrefu kama nguzo ya simu, aliyetakiwa kufika wiki inayofuata, ila mwenyeji wake wa kwanza alipata udhuru. Nyumba ikampa jina palepale, Mrefu. Alikishika chandarua, akainama kidogo, akasema kwa Kiswahili chake cha darasani, "Asante sana, Mama. Ni kizuri mno."

Imekwisha hiyo. Utakiondoaje tena?

Utasema, si angenunua kingine? Angenunua! Dukani vilijaa, tena siyo mbali. Kila akienda sokoni Mama alirudi na kitu: mto mpya wa Mrefu, ndoo yenye kifuniko ya Mrefu, taulo, karatasi laini za chooni. Chandarua cha mwanawe kilikuwa cha kesho. Mtoto wa nyumbani hana haraka, anajua pa kuvumilia. Mziwanda akachukua kile kilichoungua, akakishona kiraka cha kipande cha pazia, akalala ndani yake. Dawa yake ilikwisha enzi za mwanafunzi wa tatu nyuma.

Aliuliza mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili aliuliza wakiwa wanaosha vyombo.

"Mama, mbu wa kule nyuma wananila. Tumwombe tu Mrefu?"

"Tumwombe? Niende nikamvue mgeni chandarua kama navua nguo kwenye kamba? Unataka niaibike? Wewe umelelewa nyumba hii, mbu wa huku ni ndugu zako, wanakujua."

Mziwanda alicheka, maana mama akitania mtoto hucheka. Fundi saa hakucheka. Alitoa kioo jichoni akasema, "Mwombe yule mtoto wa watu. Ana masikio, atasikia."

"Mgeni haombwi!"

"Basi niache niingie nikitoe mimi."

"Uingie chumba cha mgeni? Thubutu uone!"

Mzee akarudisha kioo chake jichoni. Alikuwa mwoga wa mkewe, na woga ule atakwenda nao kaburini.

Mrefu hakuwa na neno. Alifagia chumba chake, akafunga, ufunguo akauweka shingoni, akaenda chuoni. Alimsaidia mziwanda kukata vitambaa vya nguo za mtoto, wakacheka pamoja, akafundishwa kushona pindo. Kila jioni Mama alimuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Umelala vizuri, mwanangu?" Naye hujibu, "Vizuri sana, Mama, asante." Na mziwanda yupo hapohapo anajikuna mikono.

Siku ya semina nyingine ilipofika, mimba ilikuwa imeingia mwezi wa saba. Gari limeshafika mlangoni. Mziwanda alikuwa amekaa kwenye cherehani uani, jua linawaka, naye amejifunika shuka mbili na meno yanagongana.

"Mama, nasikia baridi."

Mama alimwekea kiganja kwenye paji la uso. Alijua. Mwanamke aliyewafundisha mamia ya watu dalili ile, usiniambie hakujua. Paji lilikuwa linachoma kama bati la mchana. Dereva akapiga honi.

"Kunywa maji mengi ulale," alisema. "Nikirudi tu nakupeleka zahanati. Ukumbi umejaa watu, mwanangu, wananingoja mimi."

Akaenda. Akapanda kitanda cha maonyesho, akasema kuhusu simba na kidudu, wakacheka. Akasema kuhusu chupi, wakacheka zaidi. Mvulana mmoja wa mbele akainua mkono akauliza, mtu akipata homa ghafla, asubiri mpaka lini kwenda hospitali?

"Usisubiri!" Mama alijibu, na sauti yake haikutetereka hata kidogo. "Saa hiyohiyo. Huku homa haiwekewi kesho."

Wakapiga makofi, naye akabaki kula chakula cha mchana na wakubwa.

Aliporudi alikuta cherehani uani, gauni dogo limebaki chini ya sindano, nyumba kimya. Jirani ndiye aliyemwambia kwamba fundi saa alikodi gari akampeleka binti hospitali, amembeba mwenyewe mpaka barabarani, mzee wa watu na mgongo wake mbovu. Mama alikimbia na kilemba kikimwanguka. Wodini alimkuta mumewe amesimama ukutani mikono mitupu.

"Alikuwa wa kiume," mzee alisema. "Hakulia."

Mziwanda alipona. Malaria ilimmaliza mtoto, mama ikamwacha. Alirudi nyumbani amekonda, maziwa yanamtoka na hakuna wa kunyonya, na nguo za kitoto zimekunjwa kitandani kwa sababu hakuna aliyethubutu kuzigusa. Majirani walikuja wakakaa mikekani. Kila mmoja alimpa Mama Chandarua pole kubwa, akazipokea zote, akalia kilio cha kweli. Mola ndiye mpangaji, walisema. Akaitikia kwamba ndiye.

Ndipo Mrefu akatoka chumbani kwake, macho mekundu, ameshika kitu mikononi. Akapita katikati ya watu mpaka chumba cha nyuma alipolala mziwanda. Mama akamfuata.

"Dada," Mrefu alisema, "Mama alitufundisha kwamba mgonjwa alale kwenye chandarua chenye dawa. Hiki ni kipya. Tafadhali ukitumie."

Kilikuwa kimekunjwa vizuri, muhuri wa bluu juu.

"Na wewe utalala wapi?" Mama aliuliza.

"Mimi nina changu. Nilikuja nacho kutoka kwetu, kile kinachofunguka kama hema juu ya kitanda. Na vidonge vya kinga nameza. Hiki sijakitumia hata usiku mmoja, Mama. Nilikiweka kwenye sanduku kisichafuke."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Mrefu alimtazama, hajaelewa kosa lake. "Tuliambiwa tusikatae. Ningekukosea heshima."

Wanawake wa uani waliacha kuzungumza. Mama alishika fremu ya mlango. Mziwanda alinyoosha mkono, akagusa muhuri kwa kidole, akaugusa tena, kisha akamgeukia mama yake. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mama," alisema, "mwambie mgeni asante."

Mama akamwambia mgeni asante.

Mziwanda aliondoka mara tu alipoweza kusimama, na cherehani akaiacha. Ofisi ya wageni ilikuja na rambirambi, ikakaa muda wa heshima, halafu ikatuma gari. Mama aliendelea? Aliendelea, ndiyo. Watu walisema kazi inamliwaza. Mimi nasema hakuwa na mahali pengine pa kwenda, maana nyumbani fundi saa alikuwa haongei naye ila ya lazima, chumvi iko wapi, mlango umefungwa.

Miaka ilipita. Habari kwamba mziwanda amezaa mtoto wa kike, mzima, ana nywele tele, Mama alizisikia kwa muuza mkaa. Siyo kwa mwanawe. Kwa muuza mkaa! Akafunga safari siku hiyohiyo, bila kualikwa, begi limejaa vinguo.

Alipokelewa vizuri kupita kiasi. "Shikamoo, Mama. Karibu, karibu sana." Mkwe akapokea begi. Akapewa kiti chenye mto, maji ya kuoga ya moto, chumba kizuri kuliko vyote, shuka mpya, chandarua kipya kimechomekwa pembe zote nne. Kila chakula alipakuliwa wa kwanza. Kila asubuhi mziwanda alibisha mlango akauliza, "Umelala vizuri, Mama?" na kabla hajajibiwa vizuri ameshaondoka. Mtoto alioneshwa kwa mbali, akiwa mikononi mwa mama yake, kama unavyomwonesha mtu picha usiyotaka aishike.

Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama aliisubiri siku ya tatu kama mtu anayesubiri msamaha. Alfajiri akajifunga kanga kiunoni, akaenda uani, akavuta beseni la nguo za mtoto. Mziwanda akatokea, akalishika beseni upande wa pili, akalivuta taratibu likamtoka mama mikononi.

"Acha, Mama. Wewe ni mgeni."

"Mimi ni bibi yake."

"Nenda ukapumzike. Chai inakuja."

Akarudi sebuleni, akakaa. Chai ikaja kwenye sinia. Akanywa, kwa sababu angefanya nini? Mziwanda alipopita tena, Mama alimshika upindo wa gauni, yeye aliyewahi kushangiliwa na ukumbi mzima, na sauti ikamtoka ndogo.

"Nimpakate kidogo tu, mwanangu. Nikiwa nimekaa hapahapa."

"Amelala, Mama," mziwanda alisema.

Mtoto alikuwa analia chumba cha pili, na wote wawili walikuwa wanamsikia.