Kura Zilizopanda Basi

Baba yangu hufundisha watu kuendesha gari. Nusu ya madereva wa mtaa wetu wa Kapsoya wamewahi kuzima injini katikati ya barabara wakiwa naye kando. Labda ndiyo maana alidhani wanaweza kumpigia kura.

Uchaguzi uliopita nilikuwa darasa la nane. Mtu wa chama alikuja nyumbani kumwomba agombee kiti cha wadi. Chama hicho kina nguvu kule ziwani tulikotoka, lakini hapa Eldoret hata kuvaa fulana yake ni kujitafutia maneno. Yule mtu hakutudanganya.

"Mwalimu, hakuna mtu anakwambia utashinda. Tunataka tu jina kwa karatasi."

"Basi weka lako," Mama akamjibu, huku akimwongezea chai.

Nilicheka peke yangu jikoni. Baba hakucheka. Alisema watu wetu wanafanya kazi hapa, watoto wao wanasoma hapa, na kila wakifungua ile karatasi ya kura hawaoni wa kwao. "Hata wakiwa wachache, wawe na mahali pa kuweka alama."

Akakubali. Majirani hawakumchukia, walimtania tu. Vijana wa boda boda walimwita kwa sauti, "Mwalimu, tutakupigia kura ukishashinda!" Mama mmoja jirani anayetuuzia maziwa alitikisa kichwa: "Wewe ni mtu mzuri, Mwalimu, lakini hiyo chama yako, jameni!" Baba alicheka naye, akabandika posta nyingine yenye picha yake ukutani.

Kuna jambo ambalo Baba alilijua vizuri, na bado akalisahau. Watu wetu wamejiandikisha hapa, lakini siku ya kura hawako. Uchaguzi ukikaribia wanafunga mizigo. Hakuna anayesema anaogopa. Wanasema, "Tunaenda kumwona nyanya kijijini." Mama aliona mambo fulani katika vurugu za uchaguzi mmoja kabla sijazaliwa, mambo ambayo hajawahi kutuambia, na tangu hapo hajapiga kura hata mara moja.

Wiki ya mwisho kabla ya kura, kwaya ya kanisa ilibaki na waimbaji watano. Baba alikuwa akikutana na watu wakielekea steji ya mabasi na mabegi. "Mtarudi kabla ya kura?" Wao walijibu, "Tutajaribu, Mwalimu," bila kumwangalia.

Jumapili, tukila chakula cha mchana, mabegi yetu pia yalikuwa mlangoni.

"Mke wa mgombea akikimbia, nani atabaki?" Baba aliuliza.

"Wewe gombea. Mimi niko na watoto."

Akanigeukia. "Wewe ndio mkubwa. Unasemaje?"

Nilitaka kusema tubaki. Nilitaka pia kuondoka, kwa sababu niliogopa, na sikujua naogopa nini hasa. Nikaangalia ugali wangu. Alingoja. Nilimsikia hata dada yangu mdogo akitafuna.

"Sawa," Baba akasema. Akainuka, akabeba begi zito kuliko yote mwenyewe.

Siku ya kura, sisi tukiwa kule ziwani, alitupigia simu alasiri. Kulikuwa shwari kabisa. Mama wa maziwa alikuwa amemletea chupa nzima, akauliza tuko wapi. "Nimemwambia mmeenda kumwona nyanya," alisema.

Kesho yake akapiga tena. Alikuwa ametoka kusoma matokeo yaliyobandikwa kwenye mlango wa shule.

"Kituo chetu nimepata saba."

"Saba gani?" Mama aliuliza.

"Mimi na wengine sita."

Mama aliendelea kushika simu sikioni hata baada ya Baba kukata. Baba hakutukasirikia, na mimi nilitamani angekasirika. Tuliporudi tulimkuta akibandua posta zake kwa maji na kisu cha jikoni, polepole, asichune rangi ya kuta za watu.

Sasa niko sekondari. Juzi yule mtu wa chama alipiga simu tena. Baba alimsikiliza kwa muda mrefu, akasema atafikiria, kisha akaniangalia mimi, si Mama. Nilijua anangoja nini. Nikainamia begi langu la shule, nikajifanya natafuta kalamu.