Karatasi za Kupimia Bunduki ya Mzee

Wiki iliyopita niliingia duka moja la Al Sadd kununua karatasi ya kufungia zawadi ya harusi. Muuzaji akavuta bunda la karatasi ya kaki, akaichana kwa mkupuo mmoja, na sauti ile ikanigandisha pale kaunta. Harusi nikaisahau. Nilijiona nina miaka kumi na moja, nimepiga magoti mchangani, penseli sikioni, nahesabu matundu ya marisau.

Usinishangae. Wenzangu walikua wakicheza rede na kombolela. Mimi nilikua nikipima bunduki. Baba alikuwa dereva wa nyumba moja kubwa hapa Doha, mama mpishi wa nyumba hiyo hiyo, nasi tuliishi vyumba viwili vya uani. Mwenye nyumba aliitwa "baba" na wafanyakazi wote, hata mama yangu, jambo lililonitatiza sana nilipokuwa mdogo. Hapa nitamwita Mzee, tusije tukachanganyikiwa tena.

Mzee alipenda kuwinda. Kila mwaka, joto la Doha likianza kulegea, alijiandaa kwenda Tanzania na rafiki zake kuwinda kanga, wale ndege wa madoadoa wenye kelele nyingi kuliko nyama, na baba alifuatana naye. Baba ni mtu wa Singida. Alifundishwa bunduki na mjomba wake, na Mzee hakumwamini mtu mwingine kumpimia.

Basi Ijumaa moja kabla ya msimu tulikwenda shambani kwa Mzee, nje ya mji. Mama alitufungia chapati na mayai, na chupa ya chai ya karak iliyokolea iliki hadi gari zima likanukia. Mimi nilibandika karatasi pana kwenye fremu ya mbao, nikachora katikati alama ya mkaa, ukubwa wa ngumi. Baba alihesabu hatua arobaini, akageuka, akalenga alama. Mlio mmoja tu, na njiwa wa shamba zima wako angani. Alipokwisha kuikunja bunduki na kutoa ganda, ndipo niliporuhusiwa kukimbilia karatasi.

Bunduki ya marisau haitoi risasi moja. Inamwaga vipunje, kama mtu anayewarushia kuku mtama, na kila bunduki ina namna yake ya kumwaga. Nilizungushia penseli kila tundu nisije nikalihesabu mara mbili. Kisha baba alitandaza kiganja juu ya karatasi, akawa anakisogeza polepole. Kiganja kikikaa mahali bila kugusa tundu, alitikisa kichwa. "Hapa kanga anapita anaimba," alisema, akabadili aina ya risasi, tukaanza upya. Msemo wake ulikuwa kwamba bunduki haisifiwi, inaulizwa. Nilizipenda Ijumaa zile kuliko Idi.

Mwaka ninaousema, matundu yalikaa vizuri, yamesongamana, lakini yote yalikuwa kushoto kwa alama. Baba akachukua bunduki ya pili. Kushoto tena, pale pale. Nilikuwa mtoto, lakini si mjinga: bunduki mbili haziwezi kukosea upande mmoja. Nikakumbuka kwamba siku hizo baba alikuwa ananiomba nimsomee vibao vya barabarani, eti nifanye mazoezi ya kusoma. Nikakumbuka chupa za maji alizozimaliza, na nguzo ya geti aliyoigusa na gari mara mbili.

Kilichonitisha ni dereva wa nyumba ya jirani, Mkenya mcheshi aliyekuwa akinipa bisi. Miezi michache kabla ya siku ile alikwenda kubadilisha leseni, wakampima macho. "Macho imeniangusha, buda," alimwambia baba getini. "Naenda home." Wiki mbili hazikuisha, akaondoka na familia yake, na dawati la binti yake darasani kwetu likabaki wazi.

Baba alikuwa bado anakuja, hatua arobaini zile. Nikafuta alama ya mkaa kwa ncha ya mtandio wangu, nikachora nyingine katikati ya matundu.

"Vipi, mwanangu?"

"Zimekaa katikati, baba."

Jioni Mzee aliitazama karatasi, akasema, "Zen, zen," yaani safi kabisa, akampiga baba begani. Bunduki yenyewe haikuwa na kasoro, na Mzee alirudi kutoka Tanzania na furaha tele. Mwaka uliofuata nilifuta tena. Sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma.

Mwaka wa tatu baba aligonga gari lililosimama kwenye taa. Hakuumia mtu. Mzee mwenyewe alimpeleka hospitali, akakaa naye kwenye foleni saa nzima. Ilikuwa kisukari. Daktari alisema jicho moja limekwisha na la pili liko njiani, na kwamba miaka miwili nyuma wangeweza kuyaokoa. Miaka miwili. Mzee hakutufukuza. Alimwuliza baba kwa nini hakumwambia, maana madereva wamejaa mjini, na yeye angemtafutia kazi nyingine pale pale nyumbani. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nikasikia kila neno.

Jicho la pili lilipokwisha, tulirudi Singida. Miaka ikapita, nami nikarejea Doha kufanya kazi hotelini. Siku ile ya karatasi nilifika chumbani ninapopanga, Al Mansoura, nikampigia baba kabla sijavua viatu.

"Shikamoo, baba. Zile karatasi za bunduki... nilikuwa nahamisha alama."

"Marahaba. Nilijua," akasema. "Tangu ile ya kwanza. Ncha ya mtandio wako ilijaa mkaa, mwanangu. Nikasema, Mungu mkubwa, tumepata mwaka mwingine."

Ningependa angenigombeza. Kwa mara ya kwanza maishani nilimkasirikia baba, kwa kumwachia mtoto wa miaka kumi na moja mzigo ule, na papo hapo nikaona haya kumkasirikia. Tulikuwa tunaogopa pamoja, kila mtu kimya kimya, na hapakuwa na cha kuogopa.

"Na kule shambani kwa Mzee?" akauliza. "Mitende yake bado ipo?"

Niliwahi kupita huko mwaka jana. Jibu tamu lilikuwa tayari mdomoni: mitende ipo, imezaa, watu wa kule wanakusalimu. Nikalimeza.

"Haipo, baba. Mzee alipofariki wanawe walipauza. Pamejengwa nyumba kila mahali, hata mimi sikupatambua."

Nikamsikia akivuta pumzi.

"Basi," akasema, "hakuna ninachokosa kuona."