Somo la Tatu

Mimi ni fundi cherehani, na naanza na hilo kwa sababu mambo yote yalianzia kwenye benchi la dukani kwangu. Nashona sare za shule hapa Same mjini. Watu wanadhani likizo ya mwezi wa sita fundi wa sare anapumzika. Wapi. Ndiyo wakati kina mama wanaleta sketi zilizobana na mashati yaliyochanika viwiko, na wakishaleta hawaondoki, wanakaa kupiga soga. Mwaka ule soga ilikuwa moja tu, vishikwambi. Mmoja akasema mwanawe anasoma hesabu humo, mwalimu anaongea kabisa, mtoto akimaliza somo mama anapata ujumbe kwenye simu. Mwingine akadakia kwamba wake pia. Mimi nilikuwa na uzi mdomoni, lakini roho iliniuma. Binti yangu alikuwa darasa la nne na mtihani wa taifa ulikuwa unamngoja mwisho wa mwaka.

Nisijifanye mtakatifu hapa. Sikununua kile kishikwambi kwa ajili ya hesabu peke yake. Nilitaka na mimi niwe na la kusema kwenye benchi langu mwenyewe.

Sasa, likizo zote binti yangu huwa anapanda Chome kwa mama yangu mzazi. Kule ni baridi, ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi, na kazi haziishi. Mama analima maharage na viazi kwenye vishamba vya matuta chini ya nyumba yake, na mwezi wa sita mvua imeshakatika, kwa hiyo anamwagilia. Maji ya kule hayachukuliwi hovyo. Usiku yanakusanywa kwenye ndiva, yaani bwawa dogo la udongo juu ya kijiji, asubuhi yanafunguliwa, na kila nyumba ina zamu yake kwenye mfereji. Zamu ikipita, imepita. Tangu binti yangu ana miaka sita, kazi yake ilikuwa kusimama juu pale maji yanapochepushwa, bibi yake akiwa chini shambani, wanapokezana sauti: yamefika, ziba, fungua. Likizo ya kabla ya hiyo nilimkuta na tope mpaka magotini, nikakasirika. Nikasema huyu mtoto atasoma lini.

Kwa hiyo nilipompeleka na kishikwambi chake, nilimkalisha mama chini nikampa masharti. Saa moja mpaka saa tatu asubuhi huyu yuko darasani. Asiitwe, asitumwe.

"Na maji?" mama akauliza. Zamu yake ilikuwa saa mbili.

"Mama, maji utayaweza mwenyewe. Au muombe jirani."

"Haya. Kama ni shule, ni shule."

Inabidi umjue mama yangu ili uelewe uzito wa hilo neno. Yeye aliachishwa shule darasa la tatu akalee wadogo zake, na tangu hapo kitu chochote cha shule kwake ni kama kanisani. Sisi tukiwa wadogo, tukifungua daftari, alikuwa anavua viatu akipika ili asitupigie kelele. Wageni walikaa nje mpaka tumalize. Mimi nilikulia ndani ya huo ukimya, nikafaidi, halafu nikaenda kumwekea masharti kana kwamba ni mtu asiyejua thamani ya kusoma.

Wiki ya kwanza tulicheka sana kwenye simu. Mtandao kule unashika kwenye dirisha moja tu la sebuleni, linalotazama shamba, kwa hiyo binti yangu aliweka kishikwambi pale na sauti ikawa inasikika mpaka chini kwenye matuta. Akaniambia bibi kila akitaka kupita sebuleni anajifunika khanga kichwani kwanza, halafu ananong'ona, "Mwalimu ameniona?" Nikamwambia mweleze kwamba mwalimu haoni mtu. Akasema ameshamweleza, bibi amejibu kwamba hata kama haoni, heshima ni heshima.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano ya wiki ya pili. Benchi lilikuwa limejaa. Saa tatu ujumbe ukaingia kwenye simu yangu: masomo mawili yamekamilika, alama zote amepata. Nikausoma kwa sauti, eti najisomea. Mama mmoja, mwenye ulimi wake, akasema wake jana alimaliza matatu. Nilichukua simu nikapiga kitochi cha mama, kile anachokiacha siku zote juu ya kabati la sebuleni, na mlio wake ni mkubwa unasikika nyumba ya pili. Akapokea binti yangu.

"Shikamoo mama. Nimemaliza."

"Marahaba. Nimeona. Sasa unganisha na la tatu."

"Bibi hajaniita chai."

"Bibi amekuacha usome."

"Niende nikamwangalie kwanza?"

"Utamwangalia ukimaliza. Soma."

Nikakata. Nikawageukia wale kina mama nikasema, haya, na wangu anaingia la tatu. Nikaendelea kushona, na nakumbuka nilishona vizuri sana asubuhi ile.

Mama alikuwa chini kwenye mfereji, ameshalala pale kama saa nzima. Zamu ilipofika alipanda kuchepusha maji, akashuka mbio kuyapokea shambani, akapanda tena kuziba, kazi ya watu wawili anaifanya mmoja. Ukingo ukamporomokea. Aliangukia ubavu, nyonga ikavunjika, na maji yakawa yanampitia. Maji ya Chome ya mwezi wa sita, mtu akinawa tu uso anashtuka. Hakuokotwa mpaka saa nne. Aliyemwokota ni jirani mwenye zamu iliyofuata, ambaye alipanda kwa hasira kuja kugomba kwa nini maji hayajamfikia.

Hospitali tulimuuliza kwa nini hakupiga kelele. Alisema mwanzoni mtoto alikuwa katikati ya kipindi, akaona asubiri kiishe, hakikuwa kirefu. Baadaye sauti haikutoka tena kwa baridi.

Sasa yuko kwangu mjini, kitandani sebuleni. Hatembei, na madaktari wameshatuambia tusitegemee. Joto la Same linamtesa, anaulizia ukungu kama mtu anayeulizia ndugu yake. Binti yangu ndiye anayemgeuza na kumpaka mafuta mgongoni. Kishikwambi alikizika chini kabisa ya sanduku la nguo, na sikumuuliza.

Ndugu walikuja kutoa pole, na pole zao zilikuwa na miiba. Mjomba alisema mbele ya mtoto kwamba watoto wa siku hizi, bibi anakufa nje, wao macho kwenye kioo. Mama akamkatiza, "Alikuwa darasani. Mimi ndiye sikumwita." Wakaguna. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Ningeweza kusema. Nilipeleka sinia jikoni. Na kila waliporudi na maneno hayo, mwezi wa saba, wa tisa, wa kumi, nilipata kitu cha kupeleka jikoni. Mtoto akaanza kula kidogo. Akaanza kulala akiwa amegeukia ukuta. Nilijua dawa yake ni nini, nikamnunulia dawa ya minyoo. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo nilivyofanya.

Krismasi walijaa tena nyumbani. Tulikuwa tunakula makande, mama ameegemezwa mito, na shangazi akamwita binti yangu kwa utani, "Wewe mtoto wa kioo, niletee maji." Watu wakacheka. Binti yangu hakuinuka. Alinitazama, akasema taratibu, kila mtu akasikia:

"Mama, waambie niliuliza."

Sinia lilikuwa mbali siku hiyo. Nikawaambia. Nikawaambia kwamba alitaka kwenda kumwangalia bibi yake, nikamkataza, kwa sababu ya watu wa benchi. Shangazi alitazama sahani yake. Nikapiga magoti kando ya kitanda nikamwomba mama msamaha, huku nalia, nikamwambia najua hakuyajua hayo.

Mama aliniwekea mkono kichwani. Mkono wake siku hizi hauna uzito.

"Nilijua, mwanangu. Simu niliisikia ikiita. Saa hizo hapigi mwingine ila wewe. Nikasema afadhali, ataulizia nilipo. Halafu nikamsikia mwalimu anaanza tena."