Sikuondoa kipande cha bakwe

Kosa ni langu. Siku ile tulikuwaka batano mu nyumba yangu, Butembo: mimi, Kambale, kijana wangu wa pili, mwenye bureau ya internet, Masika, binti yangu wa kwanza, bwana yake Abdallah, mwenye malori kule Beni, na mama ya Abdallah, Mama Hawa, mukwe wangu. Kajukuu Aisha alikuwa amelala mu mugongo wa Masika.

Abdallah alikuwa amesimamisha antena ya redio, njo Kambale akatuita.

"Mama, adresi zetu za internet ni kama parcelle, kiwanja kimoja. Batu ba satelite njo balitupatia. Sasa nimeigawa. Satelite inatangaza kwa dunia kama njia ya parcelle nzima ni yake, na batu ba Uganda, kwa njia ya redio inayopita Beni, banatangaza nusu tu. Sanduku ya barua za internet iko mu ile nusu."

Mama Hawa akacheka. "Mukwe, parcelle gani hii yenye haioti hata muhogo?"

Lakini alileta mbuzi. Nikamushika mukono, nikasema mbele ya bote: "Hii nusu inapita kwa bakwe, ni ya bakwe. Mutu hapana kuitoa." Kwetu, ukipatia bakwe shamba na mbuzi imekuliwa, haurudie nyuma.

Kambale akanivuta pembeni. "Mama, barua inafuata ule anayetangaza kipande kidogo, hata kama njia yake imekufa. Taa ya redio mu bureau ikizima, piga phonie, ile ya kusemea mbali, Kasindi kwa mupaka, baambie ba Uganda baache kutangaza ile nusu. Barua zitapita satelite. Umesikia?"

Nilisikia. Yesu Maria, nilisikia muzuri!

Kisha vita ikafika Beni. Masika alikuwa kwangu, amekuja kuniangalia. Aisha alibakia na baba yake. Barabara ikafungwa. Kambale naye alikuwa Kirumba kutafuta mafuta ya mazutu ya groupe ya umeme, akakwama kule. Ufunguo wa bureau ulikuwa mu kitenge changu.

Taa ya redio ikazima.

Nikaiangalia. Nikawaza: bakwe banakimbia, pengine nyumba yao imechomwa, na mimi nitume neno banyanganywe na ile nusu? Mama Hawa atasema nini? Haya ikanishika. Phonie sikupiga.

Kambale akaniita kwa phonie kutoka Kirumba: "Mama, ulisema na Kasindi?"

"Ndiyo, mutoto wangu."

Bongo! Uongo mutupu!

Mashini zilikuwa zinafunguka, zinasoma habari za dunia nzima kwa ile nusu ingine. Njo maana hakuna mutu alishangaa. Masika alikuja mu bureau kila asubui, anakaa mbele ya ile sanduku ya barua.

"Hakuna kitu, mama."

"Vumilia, mwanangu." Mimi njo nilisema vile! Mimi!

Wiki tatu zikapita. Abdallah akaingia peke yake, vumbi mupaka mu nyusi. Hakusalimia.

"Masika, nilikuandikia mu ile sanduku mara nane. Tulivuka Kasindi, mutoto akashikwa na homa. Nilikupatia mupaka nafasi kwa ndege inayotoka Rughenda, hapa Butembo. Aisha alikuwa anakuita. Haukujibu hata mara moja."

"Aisha iko wapi?"

"Tulimuzika ngambo, kule Uganda."

Alimutazama Masika, bibi yake, kama mutu asiyemujua. Mimi nilikuwa nimesimama pale, ufunguo mu kitenge. Binti yangu alilia, anaapa hakuona barua, na mimi nilinyamaza! Masika na bwana yake habakukaa tena nyumba moja. Kambale alisema ni vita iliharibu. Nikamuacha aseme.

Nilichunga heshima ya bakwe, nikabakatia njia ya barua.

Ninyi benye munachungaka kitu musichokijua muzuri, lakini mulipewa neno moja tu la kufanya: mulifanye. Na kama mulishindwa, museme siku ile ile.

Nimezeeka. Kama nimekosea hesabu ya wiki, ao jina, ao nani alikuwa amekaa karibu na mulango, munirekebishe. Masika, kama uko unasoma, na wewe unirekebishe. Lakini ile ya phonie, mwanangu, hapana. Ile ninaikumbuka sawasawa.